Hoja Mezani: Aliyeungua Ishiara Alazwe Wapi?

Hoja ni fupi: mtu aliyeungua vibaya Ishiara, kaunti ya Embu, Kenya, asilazwe Ishiara. Apakiwe garini saa hiyo hiyo, apelekwe Embu, na ikiwezekana asishuke mpaka Nairobi. Hoja hii huzuka kwenye matanga, kwenye matatu ya kwenda Siakago na mbele ya maghala ya ndengu, na mara nyingi hushinda mwenye sauti. Kwa hiyo nimetunga wasemaji wangu mwenyewe na kuwaketisha meza moja: Mwalimu wa hesabu, Sista aliyestaafu uuguzi, Daktari kijana, Dereva wa ambulensi, na Mama ambaye mtoto wake aliwahi kumwagikiwa na uji. Mwenyekiti ni mimi, wala si mwenyekiti wa kutegemewa: nimeshaelemea upande wa Sista na nimempa nafasi kubwa kuliko wenzake.

MWALIMU: Naunga mkono hoja. Hospitali ya Ishiara ni ya ngazi ya 4, Embu ni ya ngazi ya 5, Kenyatta ya Nairobi ni ya 6. Ngazi hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Kenyatta kuna kitengo cha majeraha ya moto, kuna wapasuaji wa ngozi, kuna chumba cha wagonjwa mahututi. Mtu ameungua nusu ya mwili, mnamlaza hapa jirani na mgonjwa wa malaria, mnangoja nini?

DEREVA: Tunangoja ambulensi irudi, Mwalimu.

MWALIMU: Nasema kwa dhati, Dere.

DEREVA: Hata mimi. Kutoka hapa hadi Embu ni kama kilomita 50. Kutoka Embu hadi Nairobi ongeza 130 hivi. Njia naijua. Kinachonitisha ni kilicho nyuma yangu. Niliwahi kumbeba kijana aliyeungulia ndani ya nyumba ya mabati, mlango umefungwa. Tulipoondoka alikuwa anaongea, sauti imekwaruza kidogo. Kabla ya Siakago alikuwa anavuta pumzi kwa mlio. Baadaye hata mlio ukapotea. Mimi nashika usukani, koo lake linajifunga, tutafanya nini?

DAKTARI: Huyo alikuwa amevuta moshi na hewa ya moto. Dalili ni nywele za pua zilizoungua, masizi mdomoni, sauti iliyokwaruza. Koo huvimba kwa saa kadhaa, na likishavimba hata fundi hodari hapitishi bomba. Bomba la kupumulia huwekwa kabla ya safari, mgonjwa akiwa bado anaongea, ingawa ndugu zake watashangaa kwa nini mtu anayeongea anawekewa mashine.

SISTA: Sasa nami nimuulize Mwalimu hesabu, maana ndiyo kazi yake. Mwanamume wa kilo 60. Petroli imemlipukia akiimimina karibu na jiko. Ameungua mikono yote miwili, kifua na tumbo, na uso. Mkono mmoja ni asilimia 9 ya ngozi ya mtu mzima, wa pili 9, mbele ya kiwiliwili 18, uso 4 na nusu. Jumla?

MWALIMU: Arobaini na nusu.

SISTA: Tuseme 40. Chukua mililita 4, zidisha kwa kilo 60, zidisha kwa 40.

MWALIMU: 9,600.

SISTA: Hayo ndiyo maji ya dripu, ya Ringer, anayoanza kuhesabiwa kwa saa 24 za kwanza. Nusu yake, yaani 4,800, iingie ndani ya saa 8. Na saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika kwangu. Ameungua saa moja jioni. Majirani wamempaka unga, wamembishania, wametafuta gari la Probox, amefika saa nne usiku. Saa 3 zimeshaliwa. Zimebaki 5. Nimpe karibu lita nzima kila saa, chupa mbili za nusu lita, mpaka saa tisa usiku. Wewe unataka katika saa hizo hizo awe barabarani. Nani anabadilisha chupa?

Hapa nawakatiza, kwa sababu hesabu hii ina historia ambayo wengi hawajaambiwa. Ngozi ikiungua sehemu kubwa, mishipa midogo ya damu huvuja mwili mzima, hata pale ambapo moto haukugusa. Maji ya damu huhamia kwenye nyama, mgonjwa huvimba huku damu yake inazidi kuwa nzito na kupungua. Anakufa kwa kukaukiwa ndani ya mwili uliovimba maji. Madaktari wa Boston, Marekani, walipata nafasi ya kulichunguza jambo hili kwa karibu baada ya moto wa klabu ya Cocoanut Grove, Novemba 1942, ulioua watu 492. Kanuni ya mililita 4 ilitoka hospitali ya Parkland, Dallas, kwa Charles Baxter na wenzake, mwaka 1968. Haikubuniwa kwa ajili ya mashine. Inadai sindano mbili nene za dripu, mrija wa mkojo, saa ya ukutani na mtu wa kuisoma.

SISTA: Na asiyesinzia. Dripu peke yake haitoshi, nautazama mkojo. Mtu mzima nataka mililita 30 hadi 50 kila saa, mtoto mililita moja kwa kila kilo yake. Ukipungua naongeza maji, ukizidi napunguza.

DAKTARI: Hilo la kupunguza nalisisitiza. Maji yakizidi yanaingia mapafuni, yanabana tumbo. Ile kanuni ni ya kuanzia tu. Nimewaona wenzangu wakiimaliza hesabu kama mtu anayelipa deni, huku mgonjwa anazama.

MWALIMU: Basi mnakubaliana nami kwamba kazi hii ni ya wataalamu.

SISTA: Nakwambia ni kazi ya saa, Mwalimu. Kazi ya wataalamu inakuja. Lakini wewe unataka kumpelekea mtaalamu mtu ambaye figo zimeshagoma.

MWALIMU: Sawa. Lakini wanaopona zaidi wako wapi? Hospitali kubwa. Hilo utalipinga?

MAMA: Mimi nalipinga. Kila ninayemjua aliyepelekwa Nairobi kwa moto alirudi ndani ya jeneza. Waliobaki huku, wengine wanatembea sokoni.

DEREVA: Na yule mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei? Alikuwa ametoka tu Paris kwenye Olimpiki. Alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Septemba mosi 2024. Akapelekwa Kitale, kisha Hospitali ya Moi, Eldoret. Ile ni ya rufaa ya kitaifa, si zahanati. Tarehe 5 alikuwa ameaga.

MWALIMU: Aliungua kama asilimia 80, Dere. Mnachukua mzigo usiobebeka mnampima nao aliyeubeba.

Mwalimu amesema kweli kuliko alivyokusudia, na kweli hiyo inamrudia mwenyewe. Hospitali kubwa hupokea walioungua zaidi, kwa hiyo vifo vyake huonekana vingi, na Mama anaogopa. Upande wa pili, anayefika Kenyatta siku ya tatu akitokea mbali ameshavuka zile siku mbili ambazo wenzake walifia njiani au wadi ya kwanza. Huyo anahesabiwa kuwa ushindi wa Nairobi, na wale waliokufa mapema wanabaki kwenye daftari la hospitali ndogo. Upendeleo wa namna mbili, kila mmoja unavuta upande wake. Ndiyo maana tafiti zinazolinganisha wadi ya kawaida, chumba cha mahututi na kitengo cha moto hazina maana kama hazikupanga wagonjwa kwanza kwa umri, kwa asilimia ya ngozi iliyoungua, na kwa kama walivuta moshi. Mfaransa Serge Baux alilifupisha mwaka 1961: jumlisha umri na asilimia. Zamani ikipita 100 watu walianza kuagana. Leo katika vitengo bora vya Ulaya na Marekani kijana aliyeungua asilimia 80 anaweza kwenda nyumbani. Kwetu, na katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, asilimia 40 tayari ni mlima. Moto ni ule ule na ngozi ni ile ile.

DAKTARI: Mwenyekiti, unamsaidia Sista mno. Naomba nimtetee Mwalimu, ingawa anatetea kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Saa 24 za kwanza ni za Sista, sina ubishi. Lakini mgonjwa wa asilimia 40 akivuka usiku huo, hajapona. Ameanza. Ile ngozi iliyokufa iko pale juu yake, nyeupe au nyeusi, ngumu kama ganda, na chini yake vijidudu vinazaliana. Siku ya tano, ya saba, ya kumi, ndipo homa inapanda. Wengi wanaovuka mshtuko wa mwanzo huuawa na maambukizi. Dawa ya kupaka inachelewesha tu. Ngozi iliyokufa sharti iondolewe na ngozi nyingine ipandikizwe, na Zora Janžekovič wa Maribor, katika Yugoslavia ya wakati huo, alionyesha mwaka 1970 kwamba kufanya hivyo siku za mwanzo badala ya kungoja ganda lidondoke kunabadilisha kila kitu. Sasa Sista, hilo utalifanya Ishiara? Upasuaji mmoja wa namna hiyo unamwaga damu nyingi. Unataka benki ya damu, mtoa nusukaputi, kisu cha kubandulia ngozi, chumba chenye joto. Na si mara moja, ni mara nne, mara sita.

SISTA: Sijasema nitalifanya.

DAKTARI: Lakini wanaokusikiliza wanaelewa hivyo. Wanatoka hapa wakisema muuguzi amesema Ishiara inatosha.

MWALIMU: Asante, Daktari!

DAKTARI: Ngoja, Mwalimu, usishangilie. Malawi walijenga kitengo cha majeraha ya moto Lilongwe. Wakajaribu upasuaji wa mapema kama vitabu vinavyosema. Mwaka 2015 wakachapisha walichokiona: waliopasuliwa ndani ya siku 5 za kwanza walikufa zaidi ya waliongojewa. Kisu kilikuwa kile kile cha Ulaya, lakini kilichozunguka kisu hakikuwepo, yaani damu ya kutosha, chumba cha mahututi, wauguzi wa kutosha. Kwa hiyo hata neno "kitengo" lisitulaghai. Bango la mlangoni halimtibu mtu.

Nilipomwandikia Daktari maneno haya nilitaka kuyapunguza makali, nikaacha. Ni nadra kuona madaktari wakiandika hadharani kwamba jambo zuri la kwenye vitabu liliwaendea kombo, na watu wa Lilongwe wanastahili heshima kwa hilo.

MAMA: Mnaongea kama mgonjwa yuko peke yake. Mimi nilikaa na mtoto hospitali kubwa moja, jina nalihifadhi, majuma sita. Wauguzi wawili wadi nzima usiku. Walikuwa watu wazuri, lakini ni wawili. Nani alimlisha mtoto? Mimi. Nani aliwafukuza nzi? Mimi. Nani alimkunjua vidole akilia, visigandamane? Waliniambia mayai, maziwa, ndengu, nyama, kila mara kitu mdomoni, maana kidonda kinakula kuliko mtoto. Nikauza mbuzi mmoja, kisha wa pili. Nyumbani ndengu zimekauka shambani, maganda yanapasuka yenyewe, hakuna wa kuvuna.

SISTA: Na ungekuwa hapa?

MAMA: Hapa dada yangu angeleta uji. Mama mkwe angekaa naye nikaoge. Ndiyo tofauti. Ninyi mnapima madaktari, mimi napima watu wa kumlisha.

DAKTARI: Anasema kitu kikubwa. Mwili ulioungua vibaya huchoma nguvu karibu mara mbili ya kawaida, kwa majuma. Asiyekula, kidonda chake hakifungi hata umpandikize ngozi ya dhahabu.

MAMA: Nyanya yake alileta asali na manyoya ya sungura. Wakanifokea.

SISTA: Asali mimi nisingeifokea sana. Sisi Wambeere tumetundika mizinga tangu zamani, na hata watafiti wamekiri kwamba asali safi hukausha kidonda cha juujuu upesi. Kwa kidonda kirefu kilichofika kwenye mafuta haifui dafu. Manyoya ya sungura ningemrudishia sungura. Unga, dawa ya meno, mayai mabichi, samadi, vyote hivyo ndivyo ninavyoanza kukwangua badala ya kutafuta mshipa. Maji tu! Maji baridi dakika 20.

DEREVA: Huku Ishiara, Sista? Maji ya bomba saa ngapi?

SISTA: Jerikeni moja ya lita 20, mimina pole pole na kikombe, lita moja kwa dakika. Inatosha kabisa. Ila mtoto aliyeungua sehemu kubwa mwangalie asitetemeke, mfunike pale pasipoungua. Ukimwona anatetemeka juani, baridi yake inatoka ndani.

Kuhusu fedha nitapita haraka, kwa sababu sheria imesema vizuri kuliko mifuko. Katiba, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na sheria ya 2023 iliunda mfuko wa dharura na magonjwa mahututi. Hayo yote yanamhusu mwenye kidonda. Mama anayelala chini ya kitanda hayumo.

MWALIMU: Narudi kwenye hoja yangu, kwa sura nyingine. Kama kila kitu ni saa za mwanzo, mbona Morogoro, Tanzania? Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Hospitali ya mkoa iko pale pale mjini. Siku hiyo waliofariki walikuwa kama 60. Wengine wakapelekwa Muhimbili, hospitali kuu ya nchi. Kabla ya mwezi kuisha idadi ilipita 100. Walipata huduma ya karibu na walipata hospitali kubwa, na bado wakafa.

DAKTARI: Kwa sababu petroli ilikuwa kwenye nguo zao, Mwalimu. Ni asilimia 80, 90, vidonda virefu, na moshi juu yake. Na wengi kwa mpigo. Hata Boston ingeelemewa.

MWALIMU: Basi mtu wa namna hiyo akitokea hapa?

Swali hili nilikuwa nimelikwepa kwa kurasa mbili. Mwalimu ndiye aliyelitoa.

SISTA: Mzee wa miaka 65, asilimia 75. Jumlisha.

MWALIMU: Mia na arobaini.

SISTA: Huyo simpandishi gari. Namwekea dripu, namfunika kwa shuka safi, nampa morfini ya kutosha, si panadoli, naita watu wake wote waje wakiwa bado wanatambulikana. Saa za mwanzo mgonjwa wa namna hiyo huwa na akili timamu, anaongea, hata anaomba chai. Ndugu wanadhani ameokoka. Ukimpakia, zile saa anazimalizia kwenye matuta ya barabarani.

MWALIMU: Unamwachia afe?

SISTA: Namwachia aage.

MWALIMU: Na ukikosea? Wewe muuguzi mmoja, usiku, umepima kwa macho. Watu hupima vibaya, hilo Daktari ataniunga mkono au atanikana.

DAKTARI: Tunapima vibaya kweli. Asiyezoea huhesabu hata wekundu wa juu kama kidonda, 20 inakuwa 40. Wengine husahau mgongo kwa sababu hawakumgeuza mgonjwa. Ndiyo maana uamuzi wa kutomsafirisha usiwe wa mtu mmoja. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia 1. Pima nacho, piga picha, piga simu Embu au Kenyatta, waone wenye kuona kila siku. Dakika kumi tu. Na hiyo simu hiyo hiyo ndiyo ya kusema huyu mwingine wa asilimia 30 anakuja, yuko na dripu mbili, mkojo mililita 40, koo limekaguliwa, kitanda kiwe tayari.

DEREVA: Mnasahau ukoo. Mzee hakusafirishwa, amekufa Ishiara. Kwenye matanga wa kwanza kusimama atauliza: mlimpeleka wapi? Mtoto wa kiume atajibu nini? Kwamba Sista alijumlisha? Watu huninong'oneza nje, "Dere, tupeleke tu, hata akifia njiani ijulikane tulijaribu." Nusu ya safari zangu za usiku ni za kujibu swali la matanga.

SISTA: Ndiyo maana nataka daktari wa mbali awaambie, kwa simu, sauti ikiwa wazi, wote wakisikia. Neno la Nairobi lina uzito kuliko langu. Naudhika, lakini ndivyo lilivyo.

MWALIMU: Basi nabadilisha hoja yangu, Mwenyekiti. Andika: aliyeungua vibaya Ishiara alazwe Ishiara kwanza, mpaka dripu imeshika, koo limekaguliwa na mkojo umeonekana, simu ipigwe ndani ya saa ya kwanza, anayehitaji ngozi apelekwe akiwa na muuguzi pembeni yake, si ndugu aliyeshika chupa dirishani.

DAKTARI: Ongeza kwamba ganda la moto linalobana kifua pande zote lichanwe kabla ya safari. Akiondoka amebanwa, hafiki.

DEREVA: Ongeza blanketi. Watu hudhani aliyeungua anasikia joto.

SISTA: Na morfini.

Nikaita kura. Mikono minne ikaenda juu. Mama hakuinua wake. Alitaka kwanza kujua kwenye karatasi hiyo ya Mwalimu ni wapi pameandikwa nauli na kitanda cha anayekwenda kumlisha mgonjwa, na kama hapajaandikwa, mtoto wa miaka mitatu huko Nairobi atalishwa na nani saa nane ya usiku. Mwalimu akaomba kalamu, akabaki ameishika.